Ngano ya Somo wa Mama

Alhamisi, 4 Desemba 2025

Leo Mtakatifu Barbara. Somo wa mama! Mama alizaliwa tarehe hii, akabatizwa jina hilohilo, na kila mwaka humkumbusha somo wake ombi moja tu: asife ghafla, asife bila padre. Mwaka huu anaomba akiwa kitandani, hospitali, Bukoba. Mapafu. Wiki ya pili sasa. Kaka Joachim ndiye anayemuuguza.

Nilidhani hapa Dubai hakuna anayemjua huyu mtakatifu. Kumbe Teta — mama yake madam, bibi wa Kilebanoni, magoti mabovu, ulimi mkali — ameamka na Barbara mdomoni. Tumechemsha ngano sufuria zima, sukari, zabibu, komamanga juu. Akanisimulia, nusu Kiarabu, nusu mikono: binti anamkimbia baba yake anayetaka kumuua, anaingia shamba la ngano changa, ngano inarefuka palepale na kumficha. Kisha akatoa visahani, pamba na maji. Katika familia yao kila mtu hupandiwa kisahani chake siku hii. Ngano ikisimama kijani hadi Noeli, mwenye nayo atauona mwaka. Akapanda chake, cha madam, cha mwanawe aliyeko Kanada.

Mimi nikampandia mama kwa siri. Kiganja kimoja cha ngano kutoka kopo la jikoni, pamba, maji. Chumba changu hakina dirisha, kwa hiyo nimekiweka kibarazani, nyuma ya mashine ya kufulia. Kumwomba Teta niliona haya.

Nimemwomba tena madam ruhusa ya kwenda nyumbani. Wageni ni wengi, kasema. Tarehe 27, khalas, basi. Pasi yangu ya kusafiria iko kwenye droo yake. Siku ishirini na tatu. Mama, nisubiri.

Jumapili, 7 Desemba

Off. Misa, kisha mtaa wa Karama, kwa Frida. Wanalala sita chumba kimoja, lakini kwake ndiko kwetu sote. Virginia alikuwepo, yule Mkenya wa hotelini. Mwaka umetimia tangu tumwambie baba yake amefariki.

Frida ana utaratibu wake. Nyumbani wakiwa na habari nzito hawampigii mhusika, wanampigia Frida. Naye haendi peke yake, wanakwenda wawili. Mchana. Wanabeba soda. Na mtu ale kwanza, ashibe, ndipo aambiwe — maana baada ya hapo hatagusa chakula siku tatu. Kwa Virginia nilikwenda naye mimi. Mimi ndiye niliyeshika soda. Mimi ndiye niliyesema maliza, maliza kwanza, na kutabasamu kama mwongo.

— Mimi nilijua tu, Virginia anasema. Frida hajawahi nipea paja la kuku bure. Nikaona paja, nikajua babangu ameenda.

Tulicheka hadi tukashika mbavu. Halafu Virginia akalia, nasi tukamfuata.

Jumanne, 9 Desemba

Vya Teta vimeota! Nywele nyeupe, ncha za kijani. Hata cha huyo wa Kanada ambaye hapigi simu.

Cha mama kimya.

Alhamisi, 11 Desemba

Joachim: mama kawekewa oksijeni. Nikauliza anaongea? Kasema anaongea kidogo. Kidogo ndiyo kiasi gani?

Ngano yangu imevimba, ina utelezi, inanuka kama togwa iliyosahaulika. Nimebadilisha maji mara mbili. Mimi mwenye kipaimara, mwanakwaya, nainama nyuma ya mashine ya kufulia kuchungulia punje kama mganga! Najua ni upuuzi. Nimechungulia tena sasa hivi.

Ijumaa, 12 Desemba

Hakuna kitu. Nimevunja glasi mbili. Madam kanifokea, nami kwa mara ya kwanza nimemjibu. Kasema what is wrong with you. Nimesema sorry madam. Naogopa. Hicho ndicho kilicho wrong, naogopa, na siwezi kumwambia kwamba naogopa kisahani.

Jumamosi, 13 Desemba

Teta amekiona! Alifuata harufu. Nilitamani sakafu inimeze. Akauliza cha nani. Nikasema cha mama, anaumwa, jina lake Barbara. Akachota punje kidoleni, akazisugua — akaanza kucheka. Kucheka hasa, hadi akashika ukuta.

Ile ya koponi ni ya kupikia! Imekobolewa, haina ngozi, haina kiini. Ungeimwagilia hadi Pasaka, anasema, isingeota. Ya kupanda anaiweka kwenye mfuko wa kitambaa, imetoka kijijini kwao. Mimi mtoto wa mkulima! Siku tisa nimemlilia mama kwa ajili ya ngano iliyokobolewa.

Tumepanda upya pamoja. Kaniambia siku hazijapita, mtakatifu haangalii kalenda. Kisahani cha mama sasa kiko sebuleni, dirishani, pamoja na vyao. Madam kakiona, kakiacha.

Jumatano, 17 Desemba

Kimeota. Kimeota! Nimehesabu, punje kumi na nane zimetoa. Nimempiga busu Teta kwenye kipara cha utosi, akanifukuza kwa mwiko.

Na Joachim kapiga mwenyewe: mama katolewa oksijeni, kakaa, kaomba senene. Mgonjwa anayeomba senene huyo anarudi nyumbani. Nimeimba nikipiga pasi.

Jumapili, 21 Desemba

Sikutoka, tunaandaa Noeli. Ngano ya mama urefu wa kidole. Teta kaifunga utepe mwekundu.

Asubuhi nimeongea na mama mwenyewe! Sauti nyembamba, inakatika. Nikamwambia tarehe 27 napanda ndege. Nikamsimulia habari ya ngano, sijui kama alinisikia. Kaniuliza swali lake la siku zote: umekula? Nimesema nimekula, mama. Sikuwa nimekula, nilikuwa nasafisha oveni.

Jumatatu, 22 Desemba

Joachim hapokei. Mara saba. Jioni kaandika: mtandao mbaya, usiwe na wasiwasi, padre alikuja jana, mama kapata mpako. Nimejibu: mpe simu. Hajajibu.

Mpako ni wa wagonjwa, si wa kufa tu. Padre mwenyewe alitufundisha. Mama aliutaka. Ni jambo jema.

Ngano ni ya kijani kweli. Imeninyima hata sababu ya kulia.

Jumanne, 23 Desemba

Saa saba mchana. Naandika nimekaa kitandani, mlango nimefunga.

Asubuhi madam alipokea simu, akaenda kuongelea barazani. Akarudi macho mekundu. Akafungua droo, akanipa pasi. Kasema you can go tomorrow, ticket I will arrange. Nikasema madam, na wageni? Kasema forget the guests. Nikauliza kuna nini. Akasema nothing, habibti. Miaka mitatu hajawahi kuniita habibti.

Nikampigia Joachim. Kakata. Nikapiga kwa shangazi. Kakata.

Kisha intercom. Naftali, askari wa mlangoni chini, Mkenya mwenye sauti ya kuamsha jengo zima. Leo pole pole:

— Marietha, uko na wageni wawili hapa. Niwaruhusu?

Nikauliza ni nani. Frida. Na Zephania wa kwaya. Jumanne! Wote wako zamu Jumanne.

— Wamebeba nini? nikauliza.

Akashusha sauti zaidi.

— Ni soda tu, dada.

Nimewafungulia. Frida kanikumbatia, kaniachia haraka. Hakunitazama. Zephania anaangalia ngano dirishani, anasema imependeza. Nikaja huku, nimesema nabadilisha nguo.

Nasikia sahani. Teta ndiye anayepakua — Teta, ambaye hajawahi kunipakulia! Fimbo yake inagonga jikoni, kabati, meza. Frida anamwambia kwa Kiingereza chake: more, more, give her the big one. Harufu ya kuku.

Simu yangu sijui iko wapi. Nilikuwa nayo mkononi, Frida alinikumbatia, sasa sina.

Frida anagonga mlango. Umekula, Marietha? Njoo ule kwanza, mdogo wangu.

Nimesema nakuja.

Anagonga tena. Chakula kinapoa, anasema. Nimemjibu sina njaa. Nimemwambia wale wao, mimi nitakula kesho.