Chakula cha Nyangi

Matongo

Shikamoo mama,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa pale mlangoni unachambua mboga, na mguu umeacha kukusumbua. Mvua imenyesha huko? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Shangazi yangu ni mzima na anakusalimu sana. Mimi siwezi kuandika kwamba ni mzima kabisa, na hilo ndilo limenifanya nishike kalamu badala ya kupiga simu. Simu yako unaiweka sauti kubwa na boma zima linasikia. Naomba hii uisome peke yako, polepole, kama unavyosoma Biblia.

Nianze na kazi. Kibanda cha shangazi kipo karibu na karasha za kusaga mawe, kwa hiyo tunafuta vumbi kwenye meza tangu asubuhi mpaka jioni. Wateja wetu ni wachimbaji, wengine wa hapa hapa, wengine wametoka Geita na Singida. Asubuhi napika uji, mchana ugali wa muhogo na dagaa au nyama. Shangazi anasema nina mkono mzuri. Napenda kuwapakulia watu. Mtu akimaliza sahani na kuomba ukoko, nasikia raha kama mimi ndiye niliyeshiba.

Ila mimi mwenyewe nilikuwa sili, mama. Shangazi akiuliza, nasema nilishakula wakati napika. Sahani yangu nampa mbwa wa jirani. Na jambo hili halikuanzia huku. Shuleni uji wangu niliwagawia wenzangu wa dawati, walimu wakasema nina moyo wa kutoa. Wewe pia ulinisifu mbele ya watu kwamba sina tamaa. Nilifurahi sana uliposema hivyo, nikazidisha. Sasa nywele zinakatika, nasikia baridi hata jua likiwa kali, na siku zangu za mwezi zimeacha kuja. Nilikuwa navaa sweta muda wote ili shangazi asione mikono yangu.

Waliogundua ni wachimbaji. Unawajua watu wa dhahabu, kila kitu kwao ni ishara. Mtu akipewa dawa na mganga hupewa na miiko yake, na mara nyingi mwiko ni wa chakula. Kwa hiyo walipoona mpishi haonji hata tonge la chakula chake, wakaanza kunong'ona kwamba nimefungwa na mwiko, na kwamba bahati yao naipika humo sufuriani. Siku hizo hizo duara lao, lile shimo wanalochimba, likawa linatoa mawe matupu. Wengine wakahamia kibanda cha ng'ambo ya barabara. Shangazi alikuwa anashangaa ugali unabaki. Mwisho akaja Marwa, kijana mmoja anayependa utani, lakini siku hiyo hakutania.

"Mama, sisi hatuna ugomvi na wewe," alimwambia shangazi. "Huyu mtoto ale mbele yetu, tumalize."

Shangazi alicheka, akaona ni jambo dogo. Akaniwekea ugali na nyama mezani, akaniambia nile hawa wajinga waone. Wote wakaacha kula wakaniangalia. Unajua mimi hata kusalimia wageni naona aibu. Nilikata tonge, nikala, nikakata jingine. Kila nilipomeza nilisikia kicheko cha wageni wa nyumbani, na nitakueleza kwa nini. La tatu halikupita. Nilikimbilia nyuma ya kibanda nikatapika. Niliporudi, mabenchi yalikuwa matupu. Marwa peke yake ndiye alikuwa amebaki, anaangalia chini.

"Pole, dada," akasema. "Sisi tulidhani ni dawa tu."

Hata mimi nilitamani ingekuwa dawa.

Shangazi hakunigombeza. Alianza kuosha masufuria, akaniambia nisuuze. Halafu akaniuliza, bila kuinua kichwa, nani amenikataza kula. Nikasema hakuna. Akauliza tena kwa Kikurya, taratibu, kama unavyomwuliza mtoto mdogo. Ndipo nikamwambia, "Mimi nilimla mwenzangu."

Mama, tafadhali usilie. Tangu nikiwa mdogo, wageni wakija na kusifu mashavu yangu, unawaambia kwamba tulizaliwa mapacha, mwenzangu mdogo kama kiganja na mimi mnene, kwa sababu nilimmalizia chakula tumboni. Wageni wanacheka na kunifinya shavu. Mimi pia nilikuwa nacheka. Najua ulisema kwa furaha kwamba angalau mmoja alibaki. Lakini mimi niliyapokea maneno yale kama mtu anavyopokea jina lake. Nikakua nikijua kwamba mimi ni mlaji, na kwamba kila tonge ninaloweka mdomoni kuna mtu amelikosa. Siku ile naondoka, baba mkubwa aliposema nisije nikawamaliza wachimbaji wa huku Nyamongo, wote mlicheka. Yale maandazi uliyonifungia nilifika nayo huku yakiwa magumu.

Shangazi aliacha kusugua. Alikaa na sufuria mapajani hata nguo yake ikalowa.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Mwenzako hakufia tumboni. Alizaliwa analia kukuzidi wewe, na kunyonya alinyonya. Alikufa kwa homa, na mama yako naye alikuwa amelala hajitambui kwa homa hiyo hiyo. Tulizika bila yeye kuona." Kisha akasema, "Aliitwa Nyangi. Jina la mama yangu."

Nimemaliza kidato cha nne, mama, na sikuwahi kusikia jina lake. Nimefikiri sana kwa nini hukulitaja. Labda kusema nilimla ilikuwa rahisi kuliko kusema kwamba aliondoka ukiwa umelala. Sikulaumu. Hata mimi nisingejua namna ya kusema jambo kama hilo mbele ya wageni.

Nilidhani baada ya kuujua ukweli nitaanza kula. Haikuwa hivyo. Kichwani nimeelewa, lakini mkono ukikaribia mdomo unasimama. Nesi wa zahanati anasema huu ni ugonjwa na una matibabu, na shangazi atanipeleka hospitali ya Tarime. Kwa sasa tunakula sahani moja, yeye upande wake na mimi upande wangu. Haniangalii. Ananisimulia habari za majirani mpaka nasahau kidogo. Kuna siku namaliza upande wangu, kuna siku tonge moja tu. Wateja wamerudi baadhi. Waliohamia ng'ambo nao hawajapata dhahabu, na shangazi anasema sasa wamtafute mchawi wa kule.

Nisalimie bibi anayelala na redio yake, umwambie nimekumbuka uji wake wa ulezi. Msalimie mdogo wangu, asiache kusoma kwa sababu mimi sipo kumsimamia. Baba mkubwa pia msalimie, ila haya usimwambie.

Nina maombi mawili. Nikirudi, unioneshe alipozikwa Nyangi. Kama hupajui, shangazi atatupeleka wote wawili. Na wageni wakija wakauliza habari zangu, waambie ulizaa mapacha, Ghati na Nyangi, na Nyangi akafa kwa homa. Ukifika hapo unyamaze, mama, hata kama hakuna atakayecheka.

Mimi mwanao,
Ghati