Nguo ya Kitenge Iliyorudi Kasenga

Kasenga, Uvira, tarehe 5/2/2023

Mutoto wangu Dalila,

Assalam aleikum. Afya yako namna gani? Huku tuko, Mungu anasaidia, ni magoti tu yananisumbua wakati wa mvua. Nakupigia simu hauishike, ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Baba Sumaili, yule wa vitenge, anavuka Bujumbura kila juma, atakuletea barua.

Najua ungali na hasira. Miaka mitatu sasa. Nilikunyang'anya ile nguo ya bibi harusi uliyokuwa unashona, nikaifumua mbele ya wateja, weye ukatoka bila kuchukua hata makasi yako. Minye nilifundishwa vile: mushono ukipotoka unafumuliwa palepale, mutu aone. Makasi yako iko bado kwenye musumari.

Ukuje kwa Idi, nikuone.

Ni minye, Mama yako

*

Bujumbura, tarehe 26/2/2023

Mama,

Aleikum salaam. Minye niko salama. Magoti uyapake mafuta ya moto, usikae chini kwenye sakafu ya sima, ina baridi.

Hapa tunaposhonea nimekuwa mukubwa wa atelye. Niko na wasichana wanane chini yangu. Mushono ukipotoka naufumua mbele ya wote, bila maneno mingi. Juzi nilimufukuza mumoja, Marie-Rose, alipotosha mukono wa shati mara tatu. Kazi ni kazi. Weye ndiye ulinifundisha, na leo wananiheshimu.

Kwa Idi sitaweza, tuko na komande za harusi, nguo za watu zinangojea. Halafu mbona unaandika na maherufi makubwa hivi, kama mutoto wa darasa la kwanza?

Mutoto wako, Dalila

*

Kasenga, tarehe 19/3/2023

Dalila mwanangu,

Assalam aleikum. Unakula vizuri? Maherufi usijali, kalamu ndiyo mbaya.

Mukubwa wa atelye! Nilimwambia Olga, yule mwanafunzi wangu, akacheka ati sasa nitaringia Kasenga nzima. Kweli nimeringa. Lakini huyo Marie-Rose, ulimuuliza kwanza alikuwa na nini? Nauliza tu.

Baba Sumaili anakuletea nguo ya kitenge. Nimeishona minye mwenyewe, Olga hakugusa hata kifungo. Imenichukua wiki mbili. Vipimo vyako navikumbuka kichwani. Uivae ukikuja. Hata siku moja tu, unywe chai urudi.

Mama yako

*

Bujumbura, tarehe 16/4/2023

Mama,

Aleikum salaam. Natumaini magoti yamepoa.

Nguo nilipokea. Mama, sijue niseme nini. Mushono wa ubavu unaenda kama njia ya mbuzi, na kola imelala upande. Niliiweka juu ya meza, nikaita wasichana wote, nikawaambia: hata kazi ya mama yangu ikipotoka, inafumuliwa. Nimeifumua yote nikaishona upya. Nakurudishia uone namna inapaswa kuwa. Labda siku hizi unafanya haraka, ama ni Olga alishona unamuficha.

Usikasirike. Weye ndiye ulisema mutu aone. Idi njema.

Dalila

*

Kasenga, tarehe 18/6/2023

Dalila mwanangu,

Assalam aleikum. Uko muzima? Anayeandika ni Olga, minye nasema.

Miezi miwili sikujibu ju sikutaka ulisikie hili kupitia mukono wa mutu mwingine. Lakini sioni tena pa kuandika. Ni presha ya macho. Munganga wa hospitali aliniambia mwezi wa kwanza kwamba yatafunga kidogo kidogo, na dawa haiwezi kuyarudisha. Ndiyo maana nilikuwa nakuita. Nilitaka nione sura yako kabla. Sasa naona tu mwangaza wa mulango.

Ile nguo niliishona kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Ilikuwa ya mwisho. Hii uliyorudisha nimeipapasa toka kwapani mpaka chini, mushono umenyooka, sikupata kosa. Olga hataki kuandika hili, lakini andika, Olga: nililia, ju sikupata ndani yake hata uzi wangu mumoja.

Nilikufundisha kufumua. Kumuuliza mutu kwanza, hilo sikukufundisha, ju hata weye siku ile sikukuuliza. Sina hasira. Mashini nimemupa Olga.

Mama yako

*

Bujumbura, tarehe 20/6/2023

Mama yangu,

Olga, dada yangu, umusomee polepole, usiruke kitu.

Mama, sikuulizi afya. Nilipaswa kuuliza mwezi wa pili, nilipoona maherufi yale. Nimetafuta nyuzi zako chini ya meza zote. Zilikwenda na takataka zamani.

Siku ile ya nguo ya bibi harusi nilikuwa na malaria, vidole vinatetemeka. Haukuuliza, na minye sikusema, nikabeba hasira miaka mitatu. Jana nilienda kwa Marie-Rose. Mama yake alisimama mulangoni, akasema mutoto amekwenda Rumonge, hajue atarudi lini. Hakunikaribisha ndani.

Nafika Ijumaa. Najua kile ulikuwa unataka siwezi tena kukupa. Nitakaa karibu, unipapase uso vile utataka.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha kitambaa. Nilifunga macho nikashona mustari mumoja. Umepotoka vibaya. Pitisha kidole, mama.

Olga, tafazali, musiufumue.

Mutoto wako, Dalila