Nilimwambia Madam Iwe Jumatatu

Kitengela,
Jumapili mchana.

Mama Nekesa, mke wangu,

Mulembe kwako na kwa wote walio hapo bomani. Kwanza nipe habari za goti lako, kama ile dawa ya kusugua imesaidia au inanuka tu. Nipe na habari za ng'ombe, kama amezaa. Mimi ni mzima isipokuwa kifua, nacho ni kile kile unachokijua, hakijaongezeka wala hakijapungua.

Barua hii nampa binamu yangu Barasa, anayesafiri kesho. Ningeweza kupiga ile simu ya dukani kwa Simiyu, lakini ukiongea pale foleni nzima inasikia. Jambo hili ni refu, na nataka ulisikie wewe kabla ya foleni.

Unajua kwamba tangu kifua kinitoe kwenye kupiga dawa ya wadudu, nimekuwa nikikaa kwenye nyumba ya pampu hapa shamba la maua. Kazi yangu ni kukaa na kompyuta. Ukiwaambia watu wa huko hivyo watadhani nimekuwa karani. Sivyo. Kompyuta ndiyo inayofungua na kufunga koki za maji na mbolea za nyumba kumi na mbili za maua. Mimi nipo kwa sababu stima ikipotea na kurudi, kompyuta husahau ilikuwa imefika wapi, na siku nyingine hukwama tu hata stima ikiwepo. Hapo mimi hutoka nikafungua koki kwa mkono, kama tulivyokuwa tukifanya kabla haijaletwa. Utaratibu wote nimeuandika ukutani kwa chaki. Nashika mchana, Mutua anashika usiku.

Sasa, ndani ya kompyuta kuna programu kubwa inayobeba zile nyingine zote. Wanaiita Windows. Ifikirie kama injini ya posho mill: mawe unaweza kuyanoa, mkanda unaweza kuukaza, lakini bila injini hakuna unga. Injini yetu ni ya zamani. Mwezi wa kwanza meneja wetu, Madam Njoki, alileta fundi kutoka Rongai, msichana anaitwa Achieng'. Aliiangalia akasema itolewe iwekwe mpya, pamoja na programu mpya ya maji. Shida ni kwamba programu ya maji tuliyo nayo haikubali injini mpya, na ile mpya haikubali injini ya zamani. Kompyuta ni moja tu, na nyaya za koki zote zinaingia hapo. Ukibadilisha umebadilisha, hakuna kuonja halafu urudi. Achieng' alisema wazi kwamba siku mbili za kwanza mambo yanaweza kwenda vibaya, maua yakose maji.

Kwa hiyo hatukuwa tukibishana kama ibadilishwe. Tulikuwa tunatafuta siku. Madam akaniita ofisini.

"Fundi anajua kompyuta," akasema, "lakini maji ni wewe unajua. Wewe ndio utaniambia siku."

Nilirudi nikamuuliza Achieng' hiyo mpya ikoje. Alikuwa anakula mandazi. Akanijibu bila ubaya wowote, "Mzee, hii haitaki mtu wa kukaa nayo. Stima ikirudi inaendelea pale iliachia. Ikikwama inalia huko ofisini kwa Madam. Hii nyumba mnapiga kufuli mnaenda zenu."

"Tunaenda wapi?"

Akatazama mandazi yake. Hakuwa amefikiria upande huo.

Mimi nilikuwa nimeshafikiria. Kupiga dawa siwezi tena. Kuvuna ni kazi ya akina mama, wana vidole vyepesi, na hata sanduku moja la maua mimi nalibeba nikikohoa. Nyumba ya pampu ikifungwa, mimi nimemaliza Kitengela. Na siku ya kuifunga nimeambiwa nichague mwenyewe.

Mara ya kwanza Madam aliponiuliza nilisema bado, na ulikuwa ukweli. Ilikuwa karibu na ile sikukuu ya Wazungu ya kupeana maua, kila nyumba imejaa, ukikosea maji hata nusu siku shingo za maua zinalala. Mara ya pili, mwezi wa tatu, nilisema bado, na ulikuwa ukweli pia. Kulikuwa na jua na ule upepo mkavu unaotoka upande wa Kajiado, mchanga unaingia hadi kwenye chai.

Mwezi wa nne mvua ikaja. Ndani ya nyumba za plastiki mvua haiingii, lakini hewa ikipoa maua hayana kiu, yanaweza kukaa siku mbili bila tone yasionyeshe. Tena tulikuwa tumetoka kukata miti ya nyumba nyingi chini kabisa ili ichipuke upya, hakuna maua mengi ya kuvuna. Mtu yeyote anayejua maji angesema ni sasa. Madam alikuja mwenyewe hadi nyumba ya pampu, akafunga mwavuli, akausimamisha mlangoni.

"Haya, Baba Nekesa. Sasa?"

Nikamwambia, "Bado, Madam. Jua bado ni kali. Tungoje mwezi mwingine."

Akanitazama. Akasema sawa, akachukua mwavuli wake akaenda.

Sitakudanganya kwamba jambo hilo lilinisumbua. Halikunisumbua. Nilikuwa nikifikiria Nekesa amalize angalau kidato cha pili nikiwa bado na kazi, na nilikula nikalala kama kawaida.

Jumatano iliyofuata kompyuta ilikwama nikiwa nimeenda kula. Ilikwama vibaya, koki ya mbolea ya nyumba ya sita ikabaki wazi. Niliporudi tangi lilikuwa karibu tupu. Nilifunga koki, nikaosha bomba, sikumwambia mtu. Mbolea kidogo ni chakula, lakini ikizidi ni moto. Kufikia Ijumaa majani ya nyumba ya sita yalikuwa yamekauka pembeni kama karatasi iliyokaa karibu na jiko.

Nyumba hiyo inatunzwa na mama mmoja Mmaasai anaitwa Nasieku. Kwao si mbali na hapa, huja kwa miguu. Ni yeye aliyekuwa akinitania kwamba mimi ndiye mchungaji wa pekee anayechunga ng'ombe mmoja, tena wa plastiki. Supavaiza alisema Nasieku lazima aliona mbolea ikitiririka akanyamaza. Nasieku akasema alikuwa kwa chakula kama watu wote. Supavaiza akamwambia arudishe glavu na mkasi. Hapa hakuna barua ya kufukuzwa, ukiambiwa urudishe glavu umejua.

Nilimwona akipita mbele ya mlango wangu, mkasi ameufunga ndani ya glavu, anaelekea stoo. Hakunitazama, hakuwa na sababu ya kunitazama. Niliinuka nikaenda ofisini hivyo hivyo na gambuti zenye matope.

"Madam, si Nasieku," nikasema. "Ni mashine ilikwama. Mimi niliona nikanyamaza. Na isingekuwa hapo leo kama si mimi. Ile siku uliniuliza nikasema bado, sikuwa na sababu."

Hakupandisha sauti. Alisema, "Mvua ilikuwa inapiga mabati tukiongea, na wewe unaniambia jua ni kali. Nilijua uko na sababu hutaki kusema. Nikakuachia."

Afadhali angenitukana.

"Sababu ni kazi yako?"

"Ndiyo, Madam."

"Niko na nafasi kwa kupiga dawa."

"Kifua."

"Najua." Akafungua kalenda yake. "Basi ni lini? Na uniambie kama mtu wa maji."

Nikamwambia iwe Jumatatu, lakini si ile iliyokuwa mbele yetu. Ile ya baadaye. Fundi akae nami wiki nzima kwanza.

Nasieku alirudishiwa glavu jioni ile ile. Alikuja mlangoni akasema, "Ungenyamaza tu, mzee, mimi ndio ningeenda."

"Kwenu ni karibu," nikamwambia.

"Ni karibu, lakini hakuna mshahara huko. Wewe je, kwenu mshahara uko?"

Tukacheka kidogo. Nyumba yake ya sita imekatwa tena, inaanza upya.

Wiki hii yote Achieng' amekaa nami akinakili ukuta wangu. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Kumbe kuna mengi ambayo sikuwahi kuyaandika, mkono wangu tu ndio uliokuwa ukiyajua. Nilimwambia koki ya tatu na ya saba zisifunguliwe pamoja.

"Kwa nini?"

"Bomba linaruka."

"Nani alikufundisha?"

"Bomba."

Akaandika. Nilimwambia nyumba ya kumi iko juu, maji hufika yamechoka, ipewe dakika nne zaidi. Nilimwambia nyumba ya kwanza ipewe kidogo asubuhi kwa sababu ukuta wa ofisi unaikinga jua. Yote aliyaandika. Ijumaa alipofunga daftari nilijiona kama mtu aliyepimwa na fundi nguo ambayo itavaliwa na mwingine. Ni msichana mzuri, anauliza mara mbili asipoelewa. Itafanya kazi, ninavyoona. Ningependa ifanye kazi, kwa sababu siku niliichagua mimi.

Kesho asubuhi nitafunga koki zote kwa mkono, kutoka ya kwanza hadi ya kumi na mbili, halafu nitamwachia Achieng' kiti. Nitabaki hadi mwisho wa mwezi kuangalia kama maua yanakunywa sawasawa. Mutua atahamia kupakia magari ya maua, bado ana nguvu. Haki yangu ya miaka tisa Madam amesema nitapewa. Hayo tutaongea nikifika.

Mama yangu usimsomee barua yote, atashika kichwa. Mwambie tu nakuja. Msalimie ndugu yangu Wanjala anayetulimia na ng'ombe, na shemeji zangu wote wawili, na Simiyu wa simu akiuliza. Nekesa mwambie akaze masomo kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Nikifika mahindi yatakuwa yamefika magotini. Usiite mtu wa kupalilia shamba la chini. Niachie.

Ni mimi, mumeo,
Wekesa, Baba Nekesa.