Samli ya Hyasinta

Baba Hyasinta, na wewe Mhoja mwanangu,

Nimeenda Bukima kwa gari la asubuhi. Samli nimeondoka nayo yote.

Mhoja, songa ugali wa mchana. Mafuta ya pamba yako kwenye chupa nyuma ya mlango. Yapashe moto hadi harufu iishe, ndipo utie kitunguu.

Sasa nieleze. Mume wangu, ulijua tangu Jumapili kwamba binti yetu amejifungua. Ulijua samli ile ni ya uji wake. Miezi miwili nimesukasuka maziwa kwenye kibuyu mpaka mabega yakavimba. Leo alfajiri nakukuta umeishika, unaniambia, "Hii ni ya kumpikia bwana shamba, anakula kwetu leo. Hyasinta atapataga nyingine." Nikasema hapana. Ukacheka, ukatoka kutafuta kuku. Basi nikaifunga kwenye kanga.

Bwana shamba mpikieni kwa mafuta ya pamba. Kila mwaka anakuja hapa Bunda kutuhimiza tulime pamba. Akiyakataa mafuta yake, atueleze sababu.

~~Nitarudi Jumamosi.~~ Nitarudi Hyasinta akiweza kujitekea maji mwenyewe.

Wakikuuliza, usiseme nimetoroka. Sema nimeenda kulea mzazi. Na kama hasira zimekupanda, nifuate huku unigombeze, lakini uje na sukari. Mtoto ni wa kiume, nasikia ana masikio yako. Utampakata kwanza, ndipo tugombane.

Ni mimi,
Bibi yake mtoto