Mtu wa Kuongea na Ummi

Jumatatu, 3 Machi 2014

Asubuhi Bi Masuda ameniambia nitafute koti. Koti, hapa Satwa, kwa Waarabu, ambapo hata Machi mtu anatembea akifuata kivuli. Nikauliza koti la nani. "Lako. Tunakwenda Ulaya, kule juu. Mimi na wewe."

Nilidhani ni maneno ya kuamka tu. Lakini jioni mwanawe, Sir Aidarus, amekuja na laptop, akaiweka kwenye meza ya chakula. Kumbe ni kweli. Mwisho wa Aprili, siku chache: Denmark, Sweden, Norway. Labda Finland, kama ndege zitakubali. Ni zawadi ya mama yake kufikisha miaka sabini. Sir mwenyewe haendi, kazi ya meli haimpi nafasi. Naenda mimi kwa sababu magoti ya Bi hayapandi ngazi bila bega langu.

Mimi wa Kakamega, ambaye hata Hatta, milimani hapo tu, sijafika. Sijui nifurahi au niogope.

Jumatano, 5 Machi

Ramani imenichanganya kabisa. Sir anataka mama yake aone Norway, milima iliyosimama ndani ya bahari. Bi akasema, "Mimi nimezaliwa kisiwani. Maji nimeyaona." Basi Stockholm, kuna jumba la mfalme. Akasema na wafalme pia amewaona. Kila mji unaotajwa anauliza jambo moja tu: kutoka hapo mpaka Malmö ni mbali?

Sir anasema Malmö si mji wa watalii. Nimeutafuta. Uko Sweden, lakini njia ya karibu ni kushukia Denmark — unapanda treni, unavuka daraja juu ya bahari, tayari uko nchi nyingine. Nimesoma mara mbili. Bado sielewi kwa nini mtu ashukie kwa jirani ndipo aende anakokwenda.

Halafu Sir anasema wakati huo kule ni majira ya kuchipua. Bi akauliza kinachipua nini, na kwenye picha ni theluji tupu.

Ijumaa, 7 Machi

Kanisa, maana hapa ibada yetu ni Ijumaa, kisha chai kwa Serah. Yeye ni mlinzi kwenye mall, tulitoka Nairobi ndege moja. Nikamwambia habari za safari nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Mercyline, ukifika huko usirudi."

Anasema kuna watu wanaingia ofisi fulani, wanaeleza shida zao, wanapewa pa kulala, baadaye wanaita watoto wao. Kuna msichana wa Bungoma alifanya hivyo. Au wa Busia. Hana hakika kama ilikuwa Norway au Ujerumani.

Nikasema nitafikiria. Kwa nini nilisema hivyo? Monicah wangu ana miaka tisa. Nilipomwacha kwa mama alikuwa bado hajang'oa jino.

Jumapili, 9 Machi

Sasa najua Malmö ni nini. Malmö ni Ummi.

Bi Masuda ana mdogo wake! Muda wote huu nimemwogesha, nimemsuka, nimelala chumba kimoja naye, na jina hilo sijawahi kulisikia. Leo amenituma nipige Skype. Akatokea mwanamke wa makamo, mnene, mwenye macho yaleyale ya Bi. Anaitwa Zuwena, binti ya Ummi. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini tulielewana.

Ummi yuko nyumba ya wazee. Akili inamtoka polepole, na kilichotoka kwanza ni Kiswidi. Ameishi kule tangu ujana wake, amefuata mume, amezaa, amepika jikoni mwa hospitali mpaka kustaafu, na yote kwa Kiswidi. Sasa hana hata neno. Kimebaki Kiswahili cha utotoni. Anaongea kutwa nzima, wauguzi wanatabasamu tu. Zuwena mwenyewe anaelewa nusu. Anasema juzi mama yake aliomba kitu mpaka akalia, na wakamletea kila kilichomo ndani, na sicho.

Simu ilipokwisha nikamuuliza Bi kama waligombana. Akaniangalia kama nimeuliza jambo la ajabu.

"Hatukugombana. Tuliahirisha tu. Mwaka huu harusi, mwaka ule mtoto mgonjwa, mwaka mwingine magoti."

Kisha akageukia ukuta. Huko mezani Sir bado anatafuta hoteli za Oslo. Sijui tena tunapanga safari gani.

Alhamisi, 20 Machi

Ofisi ya visa. Mashine ya alama za vidole haikumtambua Bi. Vidole vimesuguka, labda hina, labda uzee. Wakamfuta, wakajaribu tena, ikakubali kwa shida. Vyangu ilivimeza mara moja.

Yule binti wa dirishani alikuwa Mwarabu, kwa hiyo Bi alijijibia mwenyewe. Mimi nilikamata neno hapa na pale. Nilipomuuliza kwenye gari aliulizwa nini, akasema, "Nilisema ninakwenda kuzungumza na ndugu yangu. Aliniuliza nitarudi lini. Nikamwambia inshallah, ndugu yangu akipata wa kumsikiliza."

Sir alipiga usukani. "Mama, tarehe ya kurudi iko kwenye tiketi. Ungesema hiyo."

"Aliniuliza mimi," Bi akasema, "hakuuliza tiketi."

Jumatano, 2 Aprili

Pasipoti zimerudi. Sir alizifungua akiwa amesimama. Akafungua yangu, akafungua ya mama yake, akarudia yangu tena.

Bi amekataliwa. Mimi nimepewa.

Sir anasema hawakuridhika kwamba atarudi. Bi Masuda! Mwenye nyumba, mwenye wajukuu, ambaye ukimtoa Satwa mpaka Deira anauliza tunarudi saa ngapi. Na mimi, ambaye tangu yale maneno ya Serah sijui ningejibu nini, mimi wameniamini.

Ijumaa, 4 Aprili

Sir amesema khalas, safari imevunjika, atampeleka mama yake Salalah, nchi jirani, mvua zikianza. Serah anasema Mungu amefungua mlango. Mchungaji kahubiri juu ya subira. Wote wanajua isipokuwa mimi.

Jumatatu, 7 Aprili

Wakati wa chakula cha mchana Bi amesema, bila kuinua macho kwenye sahani, "Mercyline atakwenda."

Sir akasema Ummi ni mamake mdogo, kama ni kwenda angeenda yeye. Bi akamuuliza utamwambia nini? Kweli, Kiswahili cha Sir kinaishia kwenye chakula na salamu. Alikua kwa Kiarabu na Kiingereza.

Ndipo Sir akageuza maneno kuwa Kiarabu, ili nisielewe. Lakini neno la kutoroka kila mfanyakazi wa ndani analijua kabla ya neno la mkate. Alikuwa anasema nitatoroka. Ni yeye kafeel wangu, mdhamini wa kibali changu, ataulizwa yeye.

Bi akamjibu kwa Kiswahili, taratibu, ili nielewe mimi.

"Akitoroka, atakuwa karibu na Ummi."

Nikainuka kutoa vyombo. Nikavirudisha mezani, nikaketi tena. Sijui kama nilisifiwa au nilitukanwa. Sijui kama ameniachilia au amenifunga.

Jumapili, 13 Aprili

Sir amekubali, lakini kwa sharti: nifuate mpango uleule wa visa, mji kwa mji, nisije nikaulizwa. Zuwena anasema hapana, njoo Malmö moja kwa moja, utalala kwangu. Sir anasema Oslo imeshalipiwa. Jioni wamepigiana simu wakazungumza Kiingereza kikali, wakaachana bila kuagana. Kwa hiyo nakwenda nchi tatu, au mbili, au moja.

Na Bi ananifundisha kuongea. Mimi, niliyepata alama nzuri za Kiswahili shuleni. "Skuli," anasema. Nyanya ni tungule. Viazi ni mbatata. "Na usimwambie 'uko aje'. Atadhani umekuja kumkamata. Mwambie umeamkaje, kisha nyamaza, umwache aseme."

Nikamuuliza Ummi anapenda kuzungumza nini.

"Sijui," akasema. "Nilimjua angali msichana."

Akaanza kulia bila sauti. Nikamfuta. Hatukurudia somo.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimeimba bila kusikia ninachoimba. Serah ameniletea buti za mtu fulani, zinanibana. Alinikumbatia kwa muda mrefu, kama mtu anayeaga kabisa.

Nimempigia Monicah. Ameuliza kama huko kuna watoto. Nikasema wapo. Akauliza, "Wanakaa na mama zao?" Nikamwambia network ni mbaya.

Jumatano, 23 Aprili

Ndege ni kesho asubuhi. Naandika haraka, jikoni, wamenipa dakika.

Mchana Zuwena alipiga kutoka nyumba ya wazee, ili Ummi anione sura nisimshtue. Bi alikuwa ameketi mbele ya laptop tangu adhuhuri, amevaa, amejipaka wanja. Mimi nilikuwa nyuma yake, kanga yake kichwani. Alikuwa ananipima ile atakayomtumia.

Ummi akatokea. Mdogo, mweupe wa nywele, shali mabegani. Bi akasema, "Ummi. Mimi Masuda." Ummi akamtazama. Akamgeukia binti yake, akauliza kwa upole huyu bibi mzee ni nani.

Bi akataja jina la mama yao. Akataja mtaa. Ummi alitikisa kichwa kwa adabu, kama unavyomtikisia mgeni. Halafu akaniona mimi. Akasogea mpaka uso ukajaa kioo.

"Masuda," akaniambia. "Mbona umesimama huko nyuma? Nimeongea, nimeongea. Hawa watu hawajibu."

Bi hakugeuka. Nilimwona anashika meza, anajivuta na kiti chake pembeni, kidogo kidogo, magoti yakimuuma, mpaka akatoka kabisa kwenye picha. Akanionyesha kwa mkono nikae.

Nikakaa. Nikasema, umeamkaje.

Ummi alicheka kama msichana. Akasema vizuri, akasema njaa, akasema nimechoka kungoja. Kisha akanikazia macho. "Mara hii ukija usiondoke. Utakaa?"

Hapo picha ikaganda, simu ikakatika.

Sir yuko mlangoni na pasipoti yangu mkononi. Anasema haifai, ni kumdanganya mgonjwa, mama amwambie ukweli. Bi anasema ukweli ameshamwambia na ameukataa. Ananiambia, "Akipiga tena, jibu wewe. Usimsahihishe."

Nimemuuliza, kuhusu kukaa nimjibu nini?

Bi ameniangalia. Sir pia ameniangalia. Nikaja huku kunywa maji.

Laptop inaita. Bi ananiita. Haniiti Mercyline.