Gorogoro Lako, Mama Wafula

Mpendwa Mama Wafula,

Mrija wa oksijeni unanikwaruza pua, lakini barua hii sikutaka mwanao aniandikie. Ni ungamo langu, na pia ni majivuno yangu juu yako.

Unaikumbuka besimenti yetu, kile chumba cha chini ya nyumba, huku ughaibuni mjini Crystal? Upande mmoja mashine ya kufulia na sare zako za kazi ya kutunza wazee. Upande wa pili meza yangu, nilipojaza upya maganda ya risasi za kulengea shabaha. Nilichota baruti kwa kikombe kidogo cha shaba, nikakiweka mezani, nikasawazisha juu kwa kadi, nikamimina. Kikombe ni kile kile, nikajiambia, basi baruti ni ile ile. Lakini kwenye klabu ya kulenga shabaha kule Savage risasi zilitawanyika, hii juu, hii chini. Nikalaumu upepo wa mtoni. Nikalaumu bunduki. Hata miwani niliilaumu.

Asubuhi moja ulisimama nyuma yangu na kapu la nguo.

"Mwalimu, nikifua, baruti yako inalala. Nisipofua, inasimama."

"Baruti si mahindi, mama."

"Nani kakwambia? Pale soko la Chwele, mteja mjanja alikuwa analitikisa gorogoro langu la kupimia, mahindi yanashuka, halafu ananiambia niongeze. Hii mashine ndiyo mteja wako mjanja. Weka kwenye mizani uone!"

Nilicheka. Ulipopanda juu, nikapima. Kikombe kilichojazwa mashine ikizunguka kilikuwa kizito kuliko kilichojazwa ikiwa imetulia. Ujazo mmoja, uzito tofauti. Na mimi ndiye niliyefundisha fizikia maisha yangu yote! Tangu siku hiyo nilipima kila kipimo kwa mizani, na risasi zangu zikakusanyika pamoja kama kuku waliomwagiwa mtama.

Wanaklabu waliponiuliza siri, nilisema, "Niligundua." Wakanipigia makofi. Wewe ulikuwa kwenye benchi na chupa ya chai mapajani. Ulinitazama, ukakunja blanketi. Ndani ya gari ulisema neno moja tu: "Chai imepoa."

Hukulitaja tena. Mimi nililibeba hadi ukafa, na baada ya hapo likazidi uzito.

Jumamosi iliyopita Wafula alinipeleka klabuni kwa kiti cha magurudumu. Niliomba wanyamaze. Nikawaambia sikugundua chochote. Aliyegundua ni mke wangu, muuza mahindi wa Chwele, kwa kopo lake la kupimia na kapu la nguo. Nilidhani wataona haya kwa niaba yangu. Badala yake yule mzee mwenye ndevu nyekundu, anayetunza mizani, akauliza hilo kopo linaitwaje. Nikamtamkia mara tatu.

Mama, ungewasikia! Sasa hakuna anayejaza risasi pale bila kuulizwa, "Ume-gorogoro?" yaani, umepima kwa mizani? Wanasema "golo-golo", lakini wanasema. Juu ya mizani wamebandika kadi yenye jina lako, Nanjala, herufi zote mahali pake. Nilizihakiki mwenyewe, kalamu nyekundu mkononi.

Daktari hanifichi tena, wala siogopi. Nimekuwa mume wa mwanamke aliyeona kwa gorogoro nilichoshindwa kukiona kwa shahada. Naja mwepesi.

Utakaponipokea, nakuomba tu usinimiminie ile chai iliyopoa.

Mumeo,
Baba Wafula