Nimekata Kola kwa Karatasi ya Mahakama

Kabla barua haijasomwa na watu wote, nina neno na aliyeiandika. Wewe fundi, ulipotelea wapi? Miaka miwili! Harusi ya mjukuu wangu umeikosa. Jicho langu limepasuliwa, hukuja hata kuniuliza linaona nini. Leo umeshtakiwa ndiyo unakumbuka kwamba Bibi yupo, na hata miguu hukuitumia, umetuma barua gazetini kama mtu anayeishi ng'ambo, na duka lako mimi naliona nikisimama mlangoni kwangu. Haya. Isomwe.

*

Bibi mshauri wangu mpendwa,

Shikamoo, na naomba unisaidie kwanza halafu ndiyo unigombeze, maana najua utanigombeza. Mimi kama unavyojua ni fundi cherehani, nina chumba kimoja chenye vyerehani vitatu na meza ya kukatia, na mwaka huu nikapata kazi kubwa ambayo sijawahi kuipata, majoho thelathini na moja ya kwaya, na mwenyekiti wa kwaya ni yule mama tunayemwita Sauti ya Kwanza, kwa sababu hata akiuliza bei ya vifungo watu wa nyumba ya tatu wanatoka kuangalia kuna nini, basi akataka majoho yawe tayari kwa ajili ya mashindano, nikasema yatakuwa tayari, nikaenda na mume wangu ukumbini kwao kupima, mimi nikapima wanawake, kisha nikampa yeye tepu apime wanaume.

Sasa Bibi, hiyo tepu. Iliunguzwa na pasi mwaka juzi ikapoteza inchi mbili za mwanzo, na sikuitupa kwa sababu tumeshazoeana, ukisoma arobaini unajua ni thelathini na nane, unatoa mbili maisha yanaendelea, mimi nimetoa mbili mpaka siku hizi natoa mbili hata nikiulizwa umri. Mume wangu akapima wanaume kumi na wanne, na kwa kuwa ni mtu mwangalifu akazitoa zile mbili palepale kichwani ndipo akaandika, akanipa daftari bila kusema neno, unamjua, yeye kusema ni kama anatozwa, na mimi nilipofika mezani kukata nikatoa mbili tena.

Wanawake majoho yao yaliwakaa vizuri. Wanaume waliingia kwa kusaidiana. Siku ya mashindano ubeti wa kwanza walipita salama, ila wa pili ndio una ile sauti ya chini ya kuvuta pumzi mpaka tumboni, besi wakavuta wote kwa pamoja, mshono mmoja ukaachia traaa, ukajibiwa na mwingine, na mwingine, watu wakadhani kuna ngoma nyuma ya pazia. Kwaya ilikuwa ya mwisho.

Kesho yake Sauti ya Kwanza akaja dukani na joho mkononi, duka limejaa wateja, akaniuliza, "Fundi, hii ndiyo kazi?" nami badala ya kusema pole nikasema, "Mama, joho halina kosa, wanaume wako wamenenepa, wapunguze kula," wateja wakacheka, yeye hakucheka, akalikunja joho lake taratibu akasema, "Sawa," kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, akaondoka. Alipoondoka nikamuuliza mume wangu, "Ulipowapima wale, ulitoa zile mbili?" Akasema, "Nilitoa," akaendelea kupaka mafuta cherehani. Kumbe tumetoa wote wawili. Mpaka leo sijamwambia.

Wiki mbili zilizopita akaja bwana mmoja mwenye mkoba, akanipa karatasi nikasaini kitabuni mwake, kumbe ni samansi, Sauti ya Kwanza ananiita mahakamani, anataka gharama za majoho na fidia ya mashindano, na mimi kwa hofu nikaichomeka katikati ya pateni zangu, zile karatasi za kukatia nguo, ili nisiione. Bibi, mahakama wana karatasi nzuri. Nene, nyeupe, imenyooka. Juzi nina haraka ya blauzi ya mteja, nikavuta karatasi bila kuangalia, nikakata pateni ya kola, na mabaki nikawashia pasi ya mkaa. Nilipoigeuza kola ndipo nikaona maneno. Upande mmoja imeandikwa "unatakiwa kufika", na upande mwingine "itasikilizwa bila wewe kuwepo". Tarehe imeungua.

Wifi yangu, ambaye anajiona mwanasheria kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi kwenye kesi ya kuku, anasema niseme sijapokea kitu, na vyerehani nivihamishie kwake kabla dalali wa mahakama hajaja kuvichukua. Mimi nilikuwa nafikiria nishikilie palepale kwamba wanaume walinenepa, maana nani ataleta mizani mahakamani? Vyerehani vile vitatu ndivyo pango langu na ada za watoto, vikiondoka sina kazi nyingine mikono hii inayoijua. Nishauri Bibi, nifanye lipi?

Ni mimi,
Fundi wa Kola

*

Fundi wa Kola,

Mimi sikwenda shule, barua yako nimesomewa na mjukuu wangu, na alipofika kwenye kola ilibidi aiweke chini. Tumecheka mpaka jicho langu jipya likatoa machozi, na daktari alikataza. Sasa tumemaliza kucheka.

Pole, mwanangu. Pole ya kweli. Nimeuza chai mlangoni pa mahakama miaka ishirini na sita, nimeona wanaume wenye vifua wameshika karatasi kama hiyo, chai inamwagika mkononi hawasikii moto. Wanadhani wameletewa pingu. Hizo si pingu. Hujaiba, hujampiga mtu. Hiyo ni kesi ya madai: mwenzako anasema umemtia hasara, na hakimu anataka akusikie na wewe. Umeitwa kuongea tu, na wewe kuongea hujawahi kushindwa, ndiyo maana umefika hapa.

Kinachouza vyerehani vya watu ni kutokwenda. Usipokwenda, hakimu anasikia upande mmoja, na upande mmoja siku zote umependeza. Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, funga duka. Ndiyo, leo, blauzi ya mteja itasubiri. Nenda masjala, pale wanapotunza mafaili. Chukua kitambulisho chako na hiyo kola. Mwambie karani, "Mimi ni mdaiwa, aliyenishtaki ni fulani, samansi yangu imeharibika, naomba nakala na tarehe." Atakucheka. Mwache acheke. Yule karani ameshaletewa samansi iliyofungiwa karanga, iliyofuliwa ndani ya suruali, na moja aliyoila mbuzi ikaletwa na mbuzi mwenyewe kama shahidi.

Ukishapata nakala, muulize umebakiwa na siku ngapi za kupeleka majibu ya maandishi. Ziko siku zilizopangwa, na wewe umezilalia wiki mbili. Kama zimekwisha, usikimbie, omba uongezewe muda, na sababu iwe ya kweli: niliogopa, nikaificha, nikaikata. Hakimu amesikia uongo mwingi, ukweli wa kola utamfurahisha siku nzima. Kuandika usiandike peke yako. Uliza pale mahakamani watu wa msaada wa kisheria wanakaa siku gani, wengine hawakutozi kitu. Nenda na daftari la vipimo, zima, bila kuchana ukurasa. Ninakujua wewe na karatasi.

Sasa wifi yako. Ulisaini, fundi! Jina lako liko kwenye kitabu cha yule bwana wa mkoba, halafu uende mbele ya hakimu useme hukupokea? Hapo hutakuwa tena fundi aliyekosea joho, utakuwa mwongo, na mwongo hata akija kusema kweli anaulizwa mara mbili. Na vyerehani visitoke hapo. Ukivihamisha unamwonyesha kila mtu kwamba umeshajihukumu, na wifi yako naye ana binti anayejifunza kushona, usinifanye niseme zaidi. Siku ya kesi mwache nyumbani na kuku wake.

Na hili la wanaume kunenepa, likome. Wanaume kumi na wanne wanenepe inchi mbili kila mmoja, kwa muda uleule, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyeongezeka? Walikuwa wanakula wapi hao, nasi twende?

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo penye kesi yako. Huyo mama alikuja dukani kwako na joho mkononi. Hakuja na mwanasheria. Alikuja na swali. Ungesema, "Mama nimekosea, nipe siku tatu," mambo yangeishia mezani pako. Wewe ni fundi mzuri, najua unaacha akiba kwenye mshono, inchi moja kila kipande. Nguo ya kuongezea ilikuwa humohumo ndani ya joho! Ungefumua, ungeachia, wale wazee wangepumua. Badala yake ukamfanya kichekesho mbele ya wateja, mtu aliyetoka kushindwa jana yake mbele ya kwaya yake. Majoho yamo kwenye karatasi kwa sababu mahakama haina fomu ya kushtaki mdomo.

Basi ukitoka masjala, mweleze mumeo. Hukumwambia kwa sababu unaogopa atasema "nilitoa", naye kweli alitoa, na wewe ulitoa, mmetoa wote. Makosa ni ya tepu na ya watu wawili kutoambizana neno moja. Kisha nendeni kwa Sauti ya Kwanza nyote wawili. Usiende na zawadi, ataona unamnunua. Nenda na tepu mpya, nzima, yenye moja yake na mbili yake. Sema pole kabla hujakaa. Ya mdomo kwanza, ya majoho baadaye. Atapiga kelele. Shukuru akipiga kelele, ile sauti yake ndogo ndiyo ya hatari. Mwambie utayafumua yote kumi na manne bila malipo, na kama ana hasara nyingine muizungumze.

Akikubali, usirudi nyumbani ukajilaza. Andikeni makubaliano, msaini wote wawili, yapelekwe mahakamani yaingizwe kwenye faili. Nilimwona muuza magodoro akipatana na mdai wake kwenye benchi langu, wakashikana mikono, akasema kesi imekwisha, hakwenda tena. Kule ndani faili halikuwa na habari za kushikana mikono. Walikuja kuchukua magodoro na lile alilokuwa amelalia.

Asipokubali, siku ya tarehe nenda mapema, jina lako likiitwa itika. Ukiulizwa swali la ndiyo, jibu ndiyo, usimpe hakimu historia ya pasi. Sema ulichokosea, sema unachoweza kurekebisha, sema unaweza kulipa kidogo kidogo kama ukitakiwa kulipa. Mtu aliyekuja na daftari na akiba ya mshono hanyang'anywi cherehani kirahisi. Sikuahidi kwamba haitakuuma. Ninakuahidi kwamba inavumilika.

Sasa inuka. Na siku hiyo ya mahakama, ukitoka, usipite dukani wala kwa wifi yako. Njoo kwangu moja kwa moja, umeshinda au umeshindwa. Usisimame nje kupiga hodi kama mgeni, ingia mpaka jikoni, na usije umeshiba.